Namna ya Kuandaa Sherehe ya Mwaka ya Bweni la Chuo

Bweni la chuo halina wazee wa kulitunzia kumbukumbu. Kozi ikiwa ya miaka 3, basi baada ya miaka 3 hatabaki mkazi hata mmoja kati ya walioandaa sherehe ya leo, na ndiyo maana kila kamati huanza upya kana kwamba jambo hilo halijawahi kufanyika. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia muziki au chakula, tafuteni jalada la mwaka uliopita lenye hesabu za fedha, nakala ya kibali, orodha ya vyombo vilivyokodiwa na, muhimu kuliko vyote, malalamiko ya wakazi. Msipolipata, fungueni jipya siku ya kikao cha kwanza.

Tarehe isinakiliwe tu kutoka mwaka jana. Ramadhani, kwa mfano, hutangulia kwa takriban siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, kwa hiyo Jumamosi iliyofaa mwaka jana inaweza mwaka huu kuwakuta baadhi ya wakazi wamefunga. Epukeni pia wiki 3 zinazotangulia mitihani. Wengi hupenda sherehe iwe mwishoni mwa mwaka wa masomo. Mimi naona huo ni wakati wa kuagana watu waliokwisha kujuana, ilhali wiki ya 4 au ya 5 tangu chuo kifunguliwe humkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado akila peke yake, naye ndiye anayeihitaji sherehe kuliko wote. Ili hilo liwezekane, wajumbe 2 au 3 wa kamati wateuliwe kabla ya likizo ndefu.

Kibali kiombwe kwa barua kwa msimamizi wa bweni, ikitaja saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, wageni wa nje na jina la atakayewajibika likitokea lolote. Idadi isizidi uwezo wa ukumbi, na milango ya dharura isizibwe kwa meza wala spika.

Mchango uwe wa kiwango ambacho mkazi mwenye uwezo mdogo anaweza kukitoa bila kukopa. Orodha ya waliochanga isibandikwe ukutani, kwa sababu asiyeliona jina lake hapo hatatokea siku ya sherehe.

Kazi inayopuuzwa zaidi ni mwaliko. Tangazo la ubaoni na ujumbe wa kwenye kundi la WhatsApp huwafikia wale ambao wangekuja hata bila kualikwa. Gawaneni korido, kila mjumbe abishe hodi mlango kwa mlango, na badala ya kuuliza, “Je, utakuja?” aseme, “Tunahitaji mtu wa kupanga viti saa 9 alasiri, unaweza kutusaidia?” Mtu mwenye haya huogopa kusimama pembeni na gilasi mkononi bila wa kuzungumza naye, lakini akiwa na kazi ya kupanga viti au kupokea wageni, huwa na sababu ya kuwapo na la kumwambia kila anayeingia. Kwa mbinu hiyo, nusu ya urafiki huwa umekwisha kufungwa kabla sahani ya kwanza haijapakuliwa.

Hotuba zisizidi 2, nazo ziwe fupi. Kuhusu kelele, fahamuni kwamba sauti nzito za besi hupenya kuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba. Hivyo, kupunguza besi na kuinua spika kutoka sakafuni huwapa nafuu wanaosoma vyumbani kuliko kupunguza sauti yote kidogo. Chakula kiandikwe viungo vyake, na picha ya mtu isisambazwe kabla hajaulizwa.

Usafi ufanyike usiku uleule, kwani asubuhi wasaidizi huwa wachache mno. Kamati ikutane ndani ya siku 3, ifunge hesabu na kuandika hata yale yanayoonekana madogo, kama vile kwamba viti 12 vilipungua au kwamba ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mlinzi aliyekuwa zamu ya mchana. Jalada likabidhiwe kwa msimamizi wa bweni, wala lisibaki chumbani kwa mwenyekiti, ambaye mwakani huenda akawa amehama.