Somo: Rivolva moja kwa kazi tatu

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanachama wenzangu tunaoishi Marekani, ambao wamekuwa wakiniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: mtu mwenye fedha za kununua bastola moja tu, ambaye anataka kuibeba mwilini, kupigia shabaha uwanjani siku ya Jumamosi na kuingia nayo porini msimu wa kuwinda au wa kuchuma matunda ya msituni, anunue ipi? Mimi ninaishi Missoula, katika jimbo la Montana, ambako kazi zote tatu zinaweza kumpata mtu ndani ya wiki moja. Jibu langu, ambalo nimelifikia baada ya kukosea mara moja kwa gharama kubwa, ni rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na vyumba vya risasi ndani yake, ya chuma kisichoshika kutu, ya kaliba (ukubwa wa risasi) ya .357 Magnum, yenye mtutu wa inchi 3 hadi 4 na uzito unaokaribia kilo moja au unaozidi hapo kidogo.

Hatua ya kwanza: hakikisha sheria inakuruhusu

Nimeanza na jambo hili kwa sababu wengi wetu ni wahamiaji, na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha mtu nchini hata kama ameishi humu miaka mingi na kujenga nyumba. Mwenye uraia na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bastola, ilmradi hawana kizuizi kingine, lakini aliye hapa kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ile ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Dukani utajaza Fomu 4473, ambayo ni fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha, na muuzaji atapeleka jina lako kukaguliwa katika NICS, mfumo wa shirikisho wa kukagua rekodi za wanunuzi, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 1998. Jibu la uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na swali linalowanasa watu wengi ni la bangi, kwa sababu fomu inafuata sheria ya shirikisho hata pale ambapo jimbo lako limeihalalisha. Umri wa kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21. Kuhusu kuibeba ikiwa imefichwa ndani ya nguo, kila jimbo lina utaratibu wake, na kibali cha jimbo moja hakivuki mpaka ila pale ambapo jimbo la pili limekubali kukitambua, kwa hiyo soma sheria ya mahali unakokwenda kabla ya kuwasha gari.

Hatua ya pili: chagua kaliba kabla ya kuchagua jina la kiwanda

Risasi ya .38 Special ni ya mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1935 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa .357 Magnum, ambayo kimsingi ni ganda lile lile lililorefushwa kwa zaidi kidogo ya milimita 3 na kupewa mgandamizo mkubwa zaidi. Vichwa vya risasi hizo mbili vina kipenyo kimoja, na ndiyo maana rivolva ya .357 inakubali zote mbili, ilhali ile ya .38 haipaswi kulishwa .357 kamwe, urefu wa ganda uliongezwa makusudi ili isiingie.

Tofauti ya nguvu si ya kupuuzwa. Kichwa cha gramu 10 kinachotoka kwenye .38 ya kawaida kwa kasi ya takriban mita 230 kwa sekunde hutoka kwenye .357 kwa takriban mita 375, na kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa kasi, unapata zaidi ya maradufu. Bei ya risasi, kelele na teke (msukumo wa bastola kurudi mkononi) navyo huongezeka. Kwa hiyo bastola moja inakuwa na tabia mbili: .38 laini kwa mazoezi ya uwanjani, .38 iliyoongezewa nguvu au .357 ya wastani kwa kubeba mjini, na .357 nzito yenye kichwa kigumu kwa porini. Kaliba nyingine haikupi upana huo kwa bei ya mtu wa mshahara. Ile .44 Magnum ya mwaka 1955 ni nzuri kwa wanyama wakubwa, lakini mtu anayeanza nayo hujifunza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na tabia hiyo huchukua miaka kuitoa.

Hatua ya tatu: uzito na mtutu

Hapa ndipo nilipopotea. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa ndogo ya mfukoni, ya .357, ya aloi nyepesi, yenye vyumba vitano na mtutu usiofika inchi 2. Dukani niliipenda kwa sababu haikuwa na uzito hata kidogo. Uwanjani nilipiga risasi tatu za magnum, na baada ya ya tatu ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imechubuka na kutoa damu. Nilipovuta triga kwa ajili ya nne, silinda haikuzunguka. Mwangalizi wa uwanja aliichukua, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye tuta muda wote, akanionyesha kilichotokea: teke lilikuwa kali kiasi kwamba kichwa cha risasi iliyokuwa bado haijapigwa kilichomoka kidogo kutoka kwenye ganda lake, kama jino linalolegea, kikajitokeza mbele ya silinda na kugonga fremu. Bastola iliyoniuzia wepesi ilikuwa imejifunga yenyewe kwa wepesi huo huo.

Chukua basi uzito kama sehemu ya mashine. Smith & Wesson 642, ambayo ni ya .38 tu, ina takriban gramu 410, na ni bastola nzuri ya kubeba ambayo hakuna mtu anayefurahia kuipiga risasi mia. Ruger SP101 yenye mtutu wa inchi 2.25 ina takriban gramu 740 na vyumba vitano, nayo ni daraja la kati kwa mwenye mwili mdogo. Ruger GP100, iliyoanza kutolewa mwaka 1985, ina vyumba sita na takriban kilo moja ikiwa na mtutu wa inchi 3, na kilo 1.13 ikiwa na inchi 4.2; Smith & Wesson 686 iko katika uzito huo huo, na toleo lake la Plus lina vyumba saba. Kati ya hizi mbili za mwisho sina ugomvi na chaguo la mtu yeyote, ingawa mimi mwenyewe ninabeba ya inchi 3.

Kuhusu mtutu, kila inchi inayoongezwa huipa baruti nafasi zaidi ya kuungua, hivyo kasi hupanda, na vilevile hutenganisha alama ya mbele na ya nyuma za kulengea, hivyo kosa dogo la mkono huonekana mapema. Inchi 6 ni tamu uwanjani, lakini ukikaa ndani ya gari itakuchoma kwenye nyonga. Inchi 2 hujificha vizuri, ila hupoteza sehemu kubwa ya faida ya magnum kwa moto na kishindo. Inchi 4 ndiyo ya kati kwa mtu anayekwenda porini mara nyingi kuliko anavyobeba mjini, na inchi 3 ni ya kinyume chake.

Hatua ya nne: ijaribu mkononi

Omba ruhusa ya muuzaji, fungua silinda, hesabu vyumba vitupu kwa macho na kwa kidole, kisha elekeza mtutu mahali salama. Shika mpini kiasi kwamba bastola iwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako, na uone kama kidole cha shahada kinafika kwenye triga bila mkono kugeuka. Kuvuta triga wakati nyundo, yaani kipande cha nyuma kinachogonga ili kuwasha risasi, iko chini huhitaji nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5 hivi, na ukiisimamisha nyundo kwanza huhitaji takriban kilo 2. Jifunze kwa ule mvuto mrefu, kwa sababu siku ya hofu hutakuwa na utulivu wa kusimamisha nyundo. Zoezi la nyumbani ni rahisi: bastola tupu, risasi zote chumba kingine, risasi bandia za mazoezi kwenye silinda, na sarafu imelazwa juu ya alama ya mbele. Ukivuta hadi nyundo ianguke na sarafu ibaki, umeanza kuelewa. Sarafu yangu ilianguka kwa wiki mbili mfululizo.

Hatua ya tano: kagua iliyotumika

Rivolva iliyotunzwa huishi kuliko mwenyewe, kwa hiyo usione haya kununua ya mkono wa pili, lakini ikague kama unavyokagua injini. Ikiwa tupu, simamisha nyundo polepole huku kidole kikiizuia silinda kidogo: silinda inapaswa kujifunga mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho, na urudie kwa kila chumba. Nyundo ikiwa imesimama, isukume mbele kwa kidole gumba. Ikianguka, rudisha bastola mezani. Vuta triga, ishikilie hapo, kisha tikisa silinda: mchezo mdogo wa kulia na kushoto unavumilika, ila wa mbele na nyuma unaosikika si dalili njema. Nafasi kati ya silinda na mtutu iwe kati ya milimita 0.1 na 0.2 hivi. Angalia pia mdomo wa nyuma wa mtutu, hasa kwa chini, kama una ufa. Rivolva za .357 za fremu ya K, yaani fremu ya wastani ya Smith na Wesson, kama Model 19 ya mwaka 1955, zimejulikana kupasuka hapo zikilishwa kwa wingi magnum za kichwa chepesi cha grini 125 (takriban gramu 8).

Nafasi ile ndogo kati ya silinda na mtutu hutoa gesi yenye moto kila risasi inapopigwa. Kidole kisikae kando ya silinda hata siku moja.

Hatua ya sita: vinavyoambatana nayo

Tenga fedha za ala nzuri inayofunika triga yote na mkanda mgumu wa kuishika, kwa sababu kilo moja kwenye mkanda wa suruali ya kawaida itakushusha suruali sokoni. Nunua kinga za masikio na miwani kabla ya risasi: .357 hupita desibeli 150, na usikivu uliopotea haurudi. Mwenye watoto nyumbani anunue kisanduku cha kufuli siku ile ile anayonunua bastola, si mwisho wa mwezi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Ohio: Shikamoo mwalimu. Mikono yangu ni midogo na triga inanishinda. Fundi mmoja amesema anaweza kuweka springi laini. Nikubali?

Jibu: Marahaba, dada. Usianze na springi. Springi ya nyundo ikiwa laini mno, fataki, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, haigongwi vya kutosha na risasi inagoma, tena mara nyingi inagoma siku usiyoitaka. Anza na mpini mwembamba zaidi, ambao hubadilishwa kwa skrubu moja, kisha fanya mvuto kumi kila jioni kwa mwezi mmoja. Ikiwa bado, mpelekee mhunzi wa silaha alainishe nyuso zinazosuguana ndani, na baada ya hapo ujaribu risasi zisizopungua mia kabla ya kuiamini.

Mwanachama, Alaska: Kaka, .357 inatosha dubu?

Jibu: Inategemea dubu. Kwa dubu mweusi na kwa puma, .357 yenye kichwa kizito kigumu inatosha mikononi mwa mtu anayelenga. Kwa dubu wakubwa wa kahawia wa huko kwenu, wenyeji wengi hubeba .44 Magnum au kubwa zaidi, nami ningefuata wenyeji. Kopo la dawa ya pilipili ya kupulizia dubu liwe mkononi kwanza, kwa kuwa hufanya wingu na halihitaji shabaha ya milimita. Kumbuka pia kwamba katika hifadhi za taifa kumiliki silaha kumeruhusiwa tangu Februari 2010 kwa kufuata sheria ya jimbo, lakini kuifyatua bado kumekatazwa, na majengo ya serikali ya shirikisho yaliyomo humo huingii nayo.

Mwanachama, Texas: Nimepiga .38 nyingi na sasa .357 haziingii mpaka mwisho. Silinda imeharibika?

Jibu: Haijaharibika, ni chafu. Ganda la .38 ni fupi, hivyo masizi hujikusanya kama pete pale linapoishia, na ganda refu hukwama kwenye pete hiyo. Usizilazimishe kwa kiganja. Piga kila chumba brashi ya shaba yenye mafuta ya kusafishia, acha dakika kumi, rudia. Ukisafisha kila baada ya siku ya mazoezi, hutaiona tena.

Mwanachama, Ontario: Na sisi wa Kanada?

Jibu: Tangu tarehe 21 Oktoba 2022 mtu binafsi huko hanunui, hauzi wala hahamishi bastola, isipokuwa wachache walioachiwa na sheria. Kwa porini, wewe fikiria bunduki ndefu yenye leseni.

Mwanachama, Minnesota: Mwalimu, ninakwenda Nairobi Desemba. Kaka yangu ana leseni ya silaha, naweza kumpelekea moja ndani ya mzigo kama zawadi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali, na leseni ya kaka yako Kenya ni ya silaha iliyoandikwa kwake, si ya yoyote itakayoshuka na shangazi au mjomba kwenye ndege. Tena kabla ya kufunga safari, kung'uta kila mfuko wa begi unalolitumia uwanjani, mpaka mifuko midogo ya pembeni, kwa sababu hata risasi moja iliyosahaulika humo ni kosa ukifika, na askari wa uwanja wa ndege hataki kusikia habari za Minnesota.