Kifungua kinywa melini kwa mgeni wa chumba cha daraja la juu

Mtu wa Mtwara aliyezoea kunywa supu ya pweza asubuhi akiwa amesimama pale Feri, akipanda meli ya kitalii kama mgeni wa chumba cha daraja la juu, ajue kwanza kwamba mara nyingi ana mgahawa wake, mbali na msongamano wa bufee. Katika meli za kampuni ya Cunard, kwa mfano, wageni wa Queens Grill, mgahawa wa wenye vyumba vya daraja la juu kabisa, hutengewa meza moja kwa safari nzima. Kwa hiyo usikae dirishani kwa sababu tu pako wazi, bali simama mlangoni, taja namba ya chumba chako na usubiri kuongozwa. Meza isipokupendeza, zungumza na msimamizi faragha siku ya kwanza, kabla wengine hawajazoea zao.

Kitambaa hutandikwa mapajani. Ukimaliza kula, laza kisu na uma sambamba juu ya sahani, na mhudumu ataiondoa bila kukuuliza. Kaptura ya kuogelea haifai. Kanzu au dera safi halina ubaya, na kwa maoni yangu hupendeza zaidi. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, maana soseji za asubuhi mara nyingi ni za nguruwe.

Siku ya kushuka Kilwa Kisiwani, jaza kadi ya kuagizia chakula chumbani usiku uliotangulia na uitundike kwenye kitasa cha mlango, kwani boti za kwenda ufukweni haziwangojei wanaomalizia chai.