Kempavani ina kasoro na yadi inakupiga danadana? Anzia hapa

Somo hili ni la wenzetu mlio Uingereza mlionunua kempavani, yaani gari la kusafiria na kulala ndani, kwenye yadi ya magari. Kama ulinunua kwa mtu binafsi, mengi ya humu hayakuhusu.

Hatua ya 1: Mjue unayemdai. Gari lenyewe huenda ni Fiat Ducato, vitanda na makabati vimefungwa na kiwanda kingine, hita ni ya Truma, choo cha Thetford, na kila kimoja kina waranti yake. Danadana huanzia hapo. Ukilalamikia hita, wanakwambia wapigie Truma. Paa likivuja, wanangoja kibali cha kiwanda. Usiyumbe: Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inambana aliyekuuzia. Waranti ni nyongeza tu, na anayodaiana na kiwanda wamalizane wenyewe.

Hatua ya 2: Hesabu siku. Ndani ya siku 30 za kwanza, kwa kasoro unayoweza kuithibitisha, una haki ya kuirudisha na kudai pesa yako yote. Zikipita, yadi ina nafasi moja ya kutengeneza. Moja! Kasoro ikibaki au ikirudi, chagua: uikatae gari, yaani uirudishe na kudai pesa, au ubaki nayo upunguziwe bei. Ukiikataa hapo, wanaruhusiwa kukata kiasi kwa matumizi uliyokwishapata. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6, huchukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka wao wathibitishe vingine. Baada ya hapo kuthibitisha ni juu yako.

Hatua ya 3: Andika. Maneno ya simu hayashikiki. Tuma barua pepe yenye kasoro, tarehe, picha, na unachotaka. Ukiiacha gari kwao, dai karatasi ya kazi inayotaja kila kasoro. "Kuangalia gari" peke yake haitoshi, maana kesho watasema kitanda hukukitaja. Kwa unyevu, omba vipimo vya kila ukuta kwa maandishi. Na usiruke ukaguzi wa kila mwaka wa sehemu ya kuishi. Waranti nyingi za maji kuingia hufa hapo.

Hatua ya 4: Mtafute aliyekukopesha. Kama umeichukua kwa mkopo wa kukodi hadi kumiliki, kisheria kampuni ya mkopo ndiyo iliyokuuzia, basi walalamikie hao. Wasipokujibu ndani ya wiki 8, peleka kwa Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko ya wateja dhidi ya kampuni za fedha, bila malipo.

MASWALI

Mwanachama, Leicester: Yadi yangu iko mbali sana, na ya karibu wamekataa kuigusa.
Jibu: Wa karibu hawalazimiki. Aliyekuuzia ndiye anayebeba gharama za lazima za matengenezo. Mwombe akubali fundi wa karibu nawe kwa gharama yake, na akubali kwa maandishi kabla kazi haijaanza.

Mwanachama, Reading: Fundi anasema "zote za aina hii ziko hivyo."
Jibu: Mwambie aandike hivyo na atie saini. Wengi hupata kigugumizi hapo.

Mwanachama, Coventry: Yangu ni ya mtumba. Nina haki?
Jibu: Unayo, ila umri, bei na maili huangaliwa. Kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kununua huwezi kuidai.

Mwanachama, London: Nimeshaikataa. Naweza kwenda nayo likizo wakati nasubiri?
Jibu: Hapana, iegeshe. Watasema umeikubali. Bima usiikatishe.