Kabla Hujamkabidhi Afisa TEHAMA Funguo za Seva

Afisa TEHAMA wa ofisi nyeti huona mengi kuliko mhasibu, na mara nyingine kuliko mkurugenzi mwenyewe. Naongoza kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi ya umma hapa Dodoma, na haya ndiyo ninayowaambia wakuu wenzangu wanapoomba ushauri kabla ya kuajiri.

Vyeti vihakikiwe vilikotoka. Muhuri wa wakili unasema tu kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoletewa. Kama karatasi yenyewe ni ya kughushi, wakili hana habari. Cha kidato cha nne na cha sita peleka Baraza la Mitihani (NECTA), shahada ya nje ipite Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Anayeona huu ni usumbufu akumbuke Aprili 2017, ripoti ya uhakiki ilipomfikia Rais Magufuli ikiwa na majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wote walikuwa tayari kazini.

Wadhamini usiwapigie kwa namba aliyoandika mwombaji peke yake. Tafuta simu ya ofisi alikotoka, omba kuongea na aliyekuwa msimamizi wake, kisha uliza jambo moja: alipoondoka, makabidhiano yalikwendaje? Akisita, mwache aongee kwa nafasi yake, usimkatishe.

Upekuzi wa vyombo vya usalama, yaani kuchunguza historia ya mwombaji, una wenyewe. Wajibu wako ni fomu kujazwa kikamilifu na mgeni kutogusa seva mpaka majibu yarudi. Kwa sasa ahudumie printa na kompyuta za watumishi. Na usiulazimishe uende haraka. Kampuni binafsi iliyomfanyia upekuzi mwaka 2011 Edward Snowden, fundi aliyekuja kuvujisha siri za ujasusi wa Marekani, iliitwa USIS, na baadaye ilishtakiwa na serikali ya Marekani kwa madai ya kuwasilisha kama kamili majalada zaidi ya 665,000 ambayo hayakuwa yamekaguliwa ipasavyo.

Swali ninalolithamini kuliko yote kwenye usaili ni hili: "Saa tatu usiku mkurugenzi anakupigia, anataka nywila ya msimamizi wa mfumo wa mishahara. Utafanyaje?" Wengi hujibu haraka, "Nampa, ndiye bosi." Wachache hukataa kwa ukali, nao hawanifurahishi. Ninayemtafuta ni yule atakayesema, "Nitamwambia, mzee, kwanza naomba nikupigie mimi kwenye namba yako ninayoijua. Kama kuna dharura nitamjulisha msimamizi wangu, tutakufungulia akaunti kwa jina lako na ombi liwe na maandishi." Hapo kuna heshima, kuna utaratibu, na hata mtu aliyeigiza sauti ya mkurugenzi hatoki na kitu.

Uliza pia madeni, kwa staha na faragha. Kijana aliyebanwa na mikopo ya kausha damu ni rahisi kununuliwa, ila deni si kosa, na wengine huhitaji tu kuelekezwa SACCOS ya kazini. Kabila, dini na mambo ya nyumbani kwake achana nayo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hata hayo unayoyakusanya lazima yawe na sababu na yatunzwe vizuri.

Tunapolegea zaidi ni kwa mafundi wa mzabuni. Mwajiriwa tunamchuja miezi, halafu kijana wa kampuni anaingia chumba cha seva kwa kuandika jina kwenye daftari la mlinzi! Mkataba utaje majina ya watakaokuja, wahakikiwe kama watumishi, na wasiachwe humo peke yao.

Hata mwaminifu asishike funguo zote. Julai 2008 jiji la San Francisco lilijikuta limefungiwa nje ya mtandao wake wenyewe, kwa kuwa mhandisi mmoja, Terry Childs, ndiye aliyekuwa na nywila na alikataa kuzitoa. Alikaa nazo siku 12, nyingi kati ya hizo akiwa mahabusu, mpaka meya alipomfuata huko. Kwetu nywila kuu zipo kwenye bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, sefu mbili, wasimamizi wawili, na kila anayefungua anasaini.

Siku mtu anahama au anaachishwa kazi, akaunti zake zifungwe kabla hajakabidhiwa barua, na nywila zote alizokuwa anazijua zibadilishwe siku hiyohiyo, ikiwemo ya Wi-Fi ya ghorofa yenu.