Jinsi ya kusaka mahali gemu yako inapomkwamisha mchezaji bila kumwambia

Kwenye gemu ya King's Quest V, iliyotolewa na kampuni ya Sierra mwaka 1990, kuna mahali paka anamfukuza panya. Una sekunde chache tu za kumrushia paka kiatu. Usiporusha, gemu inaendelea kama kawaida. Baadaye sana unafungwa kamba na kutupwa chini ya nyumba ya wageni, na wa kuja kuzitafuna kamba ni yule yule panya uliyemwacha aliwe. Kama ulishasevu (kuhifadhi ulipofikia) juu ya sevu ya zamani, anza upya.

Mchezaji kufa si kosa. Kosa ni kumwacha acheze saa mbili akiwa ameshashindwa.

Hatua ya 1. Chora jedwali la vitu vyote vinavyobebeka: kinapatikana wapi, kinatumika wapi, kinaweza kupotea vipi. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Kuliwa, kuuzwa, kuvunjika, kusahaulika: andika vyote.

Hatua ya 2. Tia alama kila mahali pasipo na kurudi. Kwenye gemu yangu ya kwanza ilikuwa mashua ya kwenda kisiwani. Taa ya chemli ilibaki jikoni kwa bibi, na binamu yangu alipanda mashua bila kuichukua. Alizunguka pangoni dakika arobaini akidhani fumbo ni gumu, mimi nimekaa nyuma yake najua hatoki.

Hatua ya 3. Chagua tiba. Ya haraka ni sharti la mstari mmoja: kama hana taa, nahodha hang'oi nanga. "Mwanangu, kule pangoni giza totoro, unaenda mikono mitupu?" Inafanya kazi, ila umeshamdokezea jibu. Mimi napendelea kuweka taa ya pili, chakavu, kwenye kibanda cha wavuvi huko huko kisiwani. Aliyeisahau ya kwanza anahangaika kidogo, lakini anatoka.

Ukitaka kuua, ua waziwazi. The Secret of Monkey Island ya Lucasfilm, pia ya 1990, inamruhusu mhusika mkuu, Guybrush, azuie pumzi chini ya maji dakika 10. Ukimwacha zaidi ya hapo anakufa mbele ya macho yako. Hakuna anayelalamika.

Hatua ya 4. Cheza kama mharibifu. Kula kila kinacholika, gombana na kila mtu, panda mashua ukiwa na begi tupu. Kisha mpe mtu mwingine, maana wewe mwenyewe utajihurumia.

Nilimrudishia binamu gemu ikiwa imerekebishwa. Safari hii aliichukua taa, akafika bandarini, akamuuzia muuza samaki. Alipofika kisiwani akaikuta ile ya kibanda, akarudi nayo mashuani kutafuta mnunuzi.