Maziwa hayatoki? Tazama kwanza mdomo wa mtoto

Mama uliyejifungua juzi, usikimbilie maziwa ya kopo. Siku 2 au 3 za mwanzo hutoka dang'a tu, matone ya manjano, na kwa tumbo lile dogo yanatosha. Angalia anavyoshika: mdomo wazi kabisa, kidevu kimegusa titi, sehemu nyeusi imeingia mdomoni, si chuchu peke yake. Ukisikia maumivu makali, pitisha kidole pembeni mwa mdomo, mtoe, umuweke upya. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku usiuruke. Mtori na uji kula, mwenzangu, ila titi hujaa kwa kunyonywa. Kuanzia siku ya 5 hesabu nepi: zikilowa chini ya 6 kwa siku, au analala mno hanyonyi, mpeleke kliniki siku hiyohiyo.