Masikio yanapovuma: jinsi ya kuzijua sehemu zinazoyachochea na zinazoyatuliza

Mtu ambaye masikio yake yanavuma, au yanalia kama nyenje hali nje hakuna sauti yoyote, hutambua mapema kwamba mlio huo hauwi sawa kila mahali. Mimi wangu ulianza baada ya miaka kadhaa ya kufanya kazi jirani na misumeno ya mbao huko Ndeeba, Kampala. Nilipokwenda kwa shangazi Kabale, nikiamini kwamba utulivu wa milimani ungenipumzisha, usiku wa kwanza mlio ulijaa chumba kizima, na sikupata usingizi mpaka alfajiri, mvua ilipoanza kupiga mabati.

Sababu yake inaeleweka. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo ambazo hupeleka sauti kwenye ubongo; zikiharibiwa na kelele, uzee au dawa, hazioti tena, na ubongo, ukikosa habari uliyoizoea, huongeza usikivu wake mpaka unasikia mlio usiotoka popote. Kibatari hakionekani juani, lakini usiku huangaza nyumba nzima. Ndivyo ulivyo mlio huu penye ukimya. Kwa hiyo usiidhanie kelele ya mjini kuwa tiba kwa sababu tu inaufunika, wala usiukimbilie ukimya mtupu.

Anza na daftari. Kwa muda wa wiki mbili, andika mara tatu kwa siku mahali ulipo, saa, sauti zinazokuzunguka, ukali wa mlio kuanzia 0 hadi 10, ulivyolala jana yake, na dawa ulizomeza. Ukurasa wangu mmoja unasema: «Jumanne, saa nne usiku, chumbani, jenereta ya jirani imezimwa sasa hivi: 7.» Siku iliyofuata, saa ileile, redio ikisema kwa sauti ya chini, niliandika 4. Andika pia baridi, vumbi na mafua, kwa kuwa wapo wanaoona mabadiliko kwa hayo. Lakini usihukumu kwa siku moja, maana uchovu na wasiwasi huweza kuukuza mlio hata pale mahali penyewe pasipo na kosa.

Kisha pima kelele za sehemu unazokaa muda mrefu. Programu ya simu ya kupima desibeli, yaani kipimo cha ukali wa sauti, hutoa makadirio yanayotosha kwa kazi hii. Usipokuwa nayo, simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako, na mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, hapo pana hatari. Kipimo kinachotumiwa sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 94 unabaki na saa moja tu. Anayesaga mahindi Kisenyi, anayefua vyuma Katwe na anayekaa karibu na spika za harusi wote wanahitaji vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya kutosha. Toka nje mara kwa mara, na ukifika penye utulivu vivue vizibo, kwa sababu kuvivaa mchana kutwa huufanya mlio usikike zaidi. Ikiwa kelele inatoka kwa jirani, ongea naye kwa heshima kwanza, halafu umwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Uganda imekuwa na kanuni za viwango vya kelele tangu 2003, na za usiku ni kali kuliko za mchana.

Chumba cha kulala ndicho kinachostahili bidii yako kubwa. Weka sauti nyororo isiyobadilika, kama ya feni au mvua iliyorekodiwa kwenye simu, na uishushe mpaka iwe chini kidogo ya mlio wako, ili uvisikie vyote viwili. Ukiufunika kabisa, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea.

Safari za milimani zina jambo lake. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Kabale zaidi ya 1,800, na basi linapopanda, shinikizo la hewa hubadilika na masikio huziba. Meza mate, piga miayo au tafuna kitu. Ukiwa na mafua makali, ni afadhali uahirishe safari.

Jambo lingine ni la nchi yenye malaria. Kwinini huweza kuleta mlio masikioni, na vivyo hivyo aspirini nyingi na sindano za gentamaisini. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa kuogopa mlio. Mweleze daktari, naye ataamua.

Usichokonoe sikio kwa kijiti au ufunguo, kwani nta iliyosukumwa ndani huongeza mlio. Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa usikivu umepotea ghafla au kizunguzungu kikali kimekuanza pamoja na mlio. Ikiwa mlio uko sikio moja tu, au unadunda sambamba na mapigo ya moyo, usikae nao bila kuchunguzwa na daktari wa masikio. Mpelekee na lile daftari, ukiwa umepigia mstari siku zilizokuwa mbaya kuliko nyingine.